Kasuku, meno ya kiboko na mbao: sheria inasemaje mtu anapovuka mpaka na kiumbe wa porini?

Mwezi Aprili mwaka 2022, maafisa wa Uganda wilayani Kisoro walimkamata raia mmoja wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo akiwa na kasuku wa kijivu 122. Mwezi uliofuata, mahakama ya Kampala inayosikiliza kesi za wanyamapori ilimhukumu kifungo cha miaka saba. Mtu aliyezoea kusikia habari za pembe za ndovu peke yake anaweza kushangaa: miaka saba kwa ajili ya ndege?

Kisoro iko karibu na kituo cha mpaka cha Bunagana. Barabara itokayo huko hupanda milima hadi Kabale, hushukia Ntungamo, kisha huingia Mbarara kabla ya kuelekea Kampala. Ni njia waliyoipitia wakimbizi wengi wa Kivu ambao leo wanaishi katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini mashariki mwa Mbarara. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi wa Rwanda. Sasa yana watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha wengi wao kuelewana sokoni, kisimani na kanisani. Sheria inayozungumzwa hapa, hata hivyo, imeandikwa kwa Kiingereza, na neno moja ndani yake huwapotosha hata watu wenye nia njema. Neno lenyewe ni "biashara".

Biashara isiyo na muuzaji

Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Spishi za Wanyamapori na Mimea Zilizo Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa kifupi kama CITES, ulitiwa saini mjini Washington tarehe 3 Machi 1973, na ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 1975. Leo una wanachama zaidi ya 180. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijiunga mwaka 1976, Kenya mwaka 1978, Tanzania mwaka 1979, na Uganda mwaka 1991.

Katika lugha ya kila siku, biashara ni kuuza na kununua. Katika mkataba huu sivyo. Kifungu chake cha kwanza kinaeleza kuwa biashara ni kupeleka nje ya nchi, kupeleka tena nje kilichoingizwa awali, kuingiza nchini, au kuleta kitu kutoka bahari isiyo ya nchi yoyote. Fedha hazikutajwa. Kwa hiyo mama anayevuka Bunagana na kasuku wa nyumbani kwake ndani ya kikapu, bila nia ya kumuuza kwa yeyote, amefanya kitendo ambacho mkataba unakiita biashara ya kimataifa. Anayempelekea ndugu yake zawadi ya ngozi ya chui amefanya vivyo hivyo. Tofauti kati ya mama huyo na mfanyabiashara wa magendo mwenye ndege 122 huonekana pale hakimu anapopima adhabu, lakini kibali kinahitajika kwa wote wawili.

Mkataba haulindi viumbe kwa kuwazungushia ua. Unalinda mpaka tu. Yanayotendeka ndani ya nchi, kama vile uwindaji, ufugaji na ukataji miti, yameachiwa sheria za nchi yenyewe, na ndiyo maana mtu anaweza kukutwa na hatia kwa sheria mbili tofauti kwa kiumbe mmoja.

Mfano ambao wasemaji wa Kiswahili wengi wanaukumbuka ni ule wa twiga "waliopanda ndege". Mwezi Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga, walisafirishwa kwa ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro nchini Tanzania hadi Qatar. Wakati huo twiga hakuwemo katika orodha yoyote ya CITES. Aliingizwa mwaka 2019, katika mkutano wa Geneva. Kosa la mwaka 2010 lilikuwa dhidi ya sheria za Tanzania, na mahakama ya Tanzania ndiyo iliyolihukumu miaka minne baadaye.

Orodha tatu

Viumbe wanaohusika na mkataba ni spishi zaidi ya 40,000, na jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba sehemu kubwa mno kati ya hizo ni mimea. Wamegawanywa katika orodha tatu.

Orodha ya Kwanza ni ya wale wanaokaribia kutoweka: sokwe, sokwe mtu, chui, kakakuona, kasuku wa kijivu, na ndovu wa nchi nyingi za Afrika. Hao hawaruhusiwi kuvuka mpaka kwa lengo la faida. Wakivuka kwa sababu nyingine, kama vile utafiti, sharti viwepo vibali viwili, kimoja cha nchi wanakotoka na kingine cha nchi wanakokwenda. Orodha ya Pili ndiyo kubwa kuliko zote. Inahusu viumbe ambao bado wapo kwa wingi wa kiasi, ila biashara ikiachwa bila udhibiti itawamaliza. Kwao kibali cha nchi wanakotoka hutosha kwa mujibu wa mkataba, mradi wataalamu wathibitishe kwamba usafirishaji hautadhuru idadi iliyobaki porini na kwamba kiumbe alipatikana kihalali. Orodha ya Tatu ni ya viumbe ambao nchi moja imeomba wenzake waisaidie kuwalinda.

Kiumbe anaweza kuhamishwa kutoka orodha moja hadi nyingine, na historia ya kasuku wa kijivu inaonyesha jinsi hilo linavyotokea. Kwa miaka mingi alikuwa katika Orodha ya Pili. Nchi za Afrika ya Kati na Magharibi, Kongo ikiwa miongoni mwa wauzaji wakuu, zilimsafirisha kwa vibali kwenda Ulaya, Ghuba na Asia, kwa kuwa hakuna ndege anayemshinda kwa kuiga sauti ya binadamu. Tangu katikati ya miaka ya 1970, kasuku zaidi ya milioni moja waliokamatwa porini waliandikwa katika takwimu rasmi za biashara. Idadi hiyo haihesabu waliokufa njiani kabla ya kufika kwa mpimaji, nao walikuwa wengi. Nchini Ghana watafiti walikuta kwamba kasuku hao walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka 2016, mkutano wa Johannesburg ulimhamishia Orodha ya Kwanza, na uamuzi ukaanza kutumika mwezi Januari 2017. Mkutano huohuo uliwapandisha kakakuona wote katika orodha hiyohiyo.

Aliyeondoka Kivu mwaka 2012 na kurudi kumchukua kasuku wake mwaka 2018 alikuta ndege ni yuleyule, lakini sheria imebadilika.

Uganda inasemaje?

Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya ile ya miaka ya 1990. Msingi wake ni kwamba kila mnyama wa porini na kila mmea wa porini ulioko katika makazi yake ya asili ni mali ya Serikali, inayoushikilia kwa niaba ya wananchi. Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale ndiyo yenye mamlaka ya kutoa vibali vya CITES. Ulinzi wa mbuga na ukamataji ni kazi ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA.

Adhabu ya juu kabisa, kwa makosa yanayohusu spishi zilizo hatarini, ni faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Kwa muda fulani wengi waliichukulia kama maandishi ya kutisha tu. Mwezi Oktoba 2022 mahakama ya Kampala iliitumia kwa mara ya kwanza, dhidi ya mwanamume aliyekutwa na vipande vya pembe za ndovu visivyofika kilo 10. Alikuwa amewahi kufungwa kwa kosa kama hilo.

Wakazi wa Nakivale na Mbarara wanaguswa na sheria hii kwa namna ya pekee, kwa sababu ya ardhi wanayoishi. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, iko mashariki mwa Mbarara, na ziwa lake pamoja na Ziwa Nakivale ni sehemu za mfumo mmoja wa maziwa na vinamasi, uliotambuliwa mwaka 2006 chini ya mkataba wa Ramsar unaolinda ardhi oevu. Humo wamo viboko. Wamo korongo taji, ndege wa taifa wa Uganda, ambao wako katika Orodha ya Pili. Twiga waliletwa Mburo kutoka Maporomoko ya Murchison mwaka 2015, miaka minne kabla spishi yao haijaingizwa katika mkataba.

Kiboko anahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka 1989 nchi wanachama zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na marufuku ikaanza mwaka 1990. Wachongaji wa Asia walitafuta kitu kingine cheupe na kigumu, wakayapata meno ya kiboko. Kiboko aliingizwa katika Orodha ya Pili mwaka 1995. Hong Kong ilikuwa soko kuu la meno hayo, na Uganda na Tanzania zilikuwa miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa. Watafiti wa Hong Kong walipolinganisha vitabu vya pande mbili mwaka 2018 walikuta hesabu hazikubaliani: yaliyoandikwa kupokelewa kule na yaliyoandikwa kutoka huku hayakuwa sawa. Mvuvi wa Ziwa Nakivale anayeukuta mzoga wa kiboko ufukoni huenda hajui lolote kuhusu Hong Kong. Lakini jino analoling'oa ni mali ya Serikali tangu kiboko alipokuwa hai, na ndilo dalali wa mjini anayemtembelea usiku anataka.

Mbao, magome na mshubiri

Katika mazungumzo ya vijijini, CITES hueleweka kuwa ni sheria ya wanyama. Malori ya mbao yanayotoka Kongo kupitia Mpondwe na mipaka mingine ya magharibi yanaeleza habari nyingine. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa Panama uliingiza katika Orodha ya Pili miti ya Afrika ya jamii tatu ambazo mafundi seremala wanazifahamu vyema: mikangazi, mininga na mbambakofi. Tangu mwezi Februari 2023, magogo na mbao za miti hiyo haziwezi kuvuka mpaka wa nchi yoyote mwanachama bila kibali cha CITES cha nchi ilikokatwa.

Mfanyabiashara wa Mbarara anayenunua mbao za mkangazi kutoka Kongo na kuziuza Kenya anahitaji karatasi mbili. Ya kwanza ni kibali cha Kongo kilichoziingiza mbao Uganda. Ya pili ni cheti cha Uganda cha kuzipeleka tena nje, na hicho hakitolewi bila ile ya kwanza. Risiti ya kodi haichukui nafasi ya kibali, wala barua ya chifu, wala mhuri wa ushuru wa soko.

Dawa za asili nazo zina mahali pake. Gome la mti ambao wanasayansi huuita Prunus africana, unaoota katika misitu ya milimani kuanzia Kivu hadi Kenya, hununuliwa Ulaya kwa ajili ya dawa za tezi dume. Mti huo umo katika Orodha ya Pili tangu mwaka 1995. Mishubiri yote imo pia, isipokuwa aina moja tu, ile ya Aloe vera inayolimwa kwa wingi duniani. Mganga anayesafiri na furushi la magome na majani kutoka Nakivale kwenda Kigoma au Bukavu anaweza kuwa amebeba kitu kilichoorodheshwa bila kujua, kwa sababu orodha hutumia majina ya Kilatini na yeye anatumia majina ya nyumbani.

Mizigo ya safari ya mbali

Baadhi ya familia za Nakivale zimepata nafasi ya kuhamia Marekani, Kanada, Australia au Ulaya. Mtu anayeondoka bila kujua kama atarudi hubeba kumbukumbu: ngoma iliyowambwa ngozi, mkufu wa babu, kitambaa, dawa ya mtoto. Vingi kati ya vitu hivyo havina tatizo lolote. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe si mnyamapori.

Mkataba unatoa nafuu kwa mali binafsi na vyombo vya nyumbani, na nchi wanachama zimekubaliana viwango kwa baadhi ya vitu. Kwa mfano, vitu vya ngozi ya mamba wa Orodha ya Pili, kama mikanda na pochi, haviulizwi kibali visipozidi vinne kwa mtu mmoja. Nafuu hiyo, hata hivyo, ni nyembamba kuliko inavyosikika, kwa sababu kila nchi ina haki ya kuweka masharti makali zaidi ya mkataba, na nchi wanakopelekwa wakimbizi zimeitumia haki hiyo. Umoja wa Ulaya una kanuni yake tangu mwaka 1997, na ulisitisha uingizaji wa ndege waliokamatwa porini mwaka 2005, kwa kuhofia mafua ya ndege, kisha ukaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Marekani ina sheria ya mwaka 1992 inayozuia ndege wa porini walioorodheshwa, na tangu mwaka 2016 imeifunga karibu kabisa milango yake kwa pembe za ndovu wa Afrika.

Bangili ya pembe iliyorithiwa kutoka kwa bibi ni suala gumu zaidi. Mkataba unatambua vitu vilivyopatikana kabla spishi haijaorodheshwa, lakini umri sharti uthibitishwe kwa cheti cha mamlaka ya nchi mtu anakotoka. Neno la familia, hata likiwa la kweli, si cheti. Aliyekimbia Masisi au Uvira usiku hakubeba nyaraka za bangili, na ni vigumu kuona atazipata wapi. Hapa sheria haina jibu la huruma: kitu kitazuiwa uwanja wa ndege, na maafisa wa forodha hawakirudishi. Kosa la jinai ni zito kuliko kupoteza bangili, kwa kuwa nchi zinazopokea wakimbizi huchunguza kumbukumbu za jinai za waombaji kabla ya kuwakubali.

Malalamiko yasiyokosa msingi

Wapo wanaosema sheria hii huwabana wadogo na kuwaachia wakubwa. Historia ya Uganda haiwapi sababu ya kunyamaza. Mwezi Novemba 2014 iligunduliwa kwamba zaidi ya tani moja ya pembe za ndovu ilikuwa imetoweka kutoka ghala la UWA lenyewe mjini Kampala, na maafisa kadhaa wakasimamishwa kazi. Uganda wakati huo ilikuwa tayari imewekwa na CITES miongoni mwa nchi nane zilizotakiwa kuandaa mpango wa kitaifa wa kudhibiti magendo ya pembe, pamoja na Kenya, Tanzania na China.

Tena kuna ruhusa ambazo mtu wa kawaida hazielewi. Mwaka 2007 mkutano wa CITES uliiruhusu Uganda kupeleka nje hadi chui 28 kwa mwaka kama nyara za uwindaji wa kitalii na ngozi za matumizi binafsi. Mwindaji mgeni mwenye kibali na fedha anaweza kuondoka na ngozi kihalali, ilhali mfugaji ambaye chui amemla ndama wake hawezi hata kuigusa. Watetezi wa mfumo huo hujibu kwamba fedha za uwindaji huwafanya wenye ardhi wawavumilie wanyama, na kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudi kwa jamii jirani. Hoja hiyo ina uzito kwa Mnyankole mwenye shamba kando ya Mburo. Kwa mkimbizi asiye na ardhi yake mwenyewe ina uzito mdogo zaidi.

Lakini si kweli kwamba wakubwa hawaguswi kabisa. Mwishoni mwa Januari 2019, mamlaka ya mapato ya Uganda ilifungua makontena yaliyotoka Sudan Kusini na kukuta magogo yaliyochimbwa ndani kama mizinga, yakajazwa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona, kisha yakazibwa kwa nta. Uzito wa pembe ulizidi tani tatu. Raia wawili wa Vietnam walikamatwa.

Mkimbizi mbele ya hakimu

Hadhi ya ukimbizi haimwondolei mtu wajibu wa kutii sheria hizi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mkimbizi anafungwa na sheria zote za nchi, kama unavyosema Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951. Sheria hiyohiyo inampa haki ya kutembea nchini, na kutembea huko, kati ya soko la Nakivale, Mbarara na mipakani, ndiko kunakomkutanisha na mizigo ya watu wengine. Dereva wa bodaboda au utingo aliyekubali kubeba gunia asilolijua ndani yake ndiye anayekamatwa nalo kizuizini.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 28, inampa kila mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kupata mkalimani bila malipo. Mtu anayezungumza Kiswahili pekee anaweza kudai hilo tangu siku ya kwanza anaposomewa mashtaka, kabla hajajibu kama anakiri au anakana. Kukiri kosa ambalo hukuelewa maneno yake ni hatari kubwa kuliko kuchelewesha kesi.

Maombi ya kibali hupelekwa kwa wizara ya utalii mjini Kampala, na tangu mwaka 2021 kuna mfumo wa kielektroniki wa kuyashughulikia. Kwa mnyama aliye hai ambaye tayari yuko nyumbani, ofisi za karibu na Nakivale ni zile za UWA katika Hifadhi ya Ziwa Mburo, na uongozi wa makazi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu unaweza kumwelekeza mtu huko. Ndege na wanyama wanaokabidhiwa au kunyang'anywa hutunzwa katika kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe, kilichoanzishwa mwaka 1952 kando ya Ziwa Viktoria.